Joho Lililobaki

Kamati imekaa mara ya nne, Malimbe:
viti, hema, maji ya mgeni rasmi.
Masalu ananung'unika, upepo wa ziwa hauna adabu,
mwaka jana uling'oa turubai katikati ya sala.
Tufunge kamba kwenye mawe, nasema.
Mwanza mawe hayakodishwi.

Usiku nahesabu majoho,
nikifukuza wadudu wa ziwani kwenye taa.
Moja limebaki.
Nyanjige, wa Sheria, aliyefariki Machi.
Mama yake kapiga simu toka Nansio:
atapanda meli ya asubuhi,
jina lisomwe, ataitikia yeye.

Ratiba haina kipengele cha hilo.
Nimekiongeza kwa penseli,
kisha nikarudia kwa wino.
Safu ya mbele, kiti kimoja,
kisipigwe na upepo.