Kijivu cha Tororo

Jumamosi, chumba cha nyuma cha kinyozi,
tunatundika picha kwa vibanio vya nguo.
Yangu bado ina maji pembeni.

Emojong haangalii sura; huanza na weusi.
"Huu si weusi, ndugu yangu. Ni chai ya rangi
iliyosahaulika kikombeni."
Nyafwono anaigeuza kichwa chini,
anasema jicho lake linateleza, linatokea kushoto
penye mfuko wa saruji nilioukata katikati.
"Na kisigino je? Umemwazima nani?"
Wanacheka. Nacheka nao, kwa meno tu.

Nilitaka kujitetea: kwetu kiwanda kinapopumua
mbuzi mweupe na mbuzi mweusi ni pacha,
na mwamba wenyewe, asubuhi, ni kama umepitiwa na kifutio.
Nikanyamaza. Picha isiyosema haisemewi.

Usiku, taa nyekundu, dawa ya Kampala
niliyoizimua mara ya tatu (bei yake mnaijua),
nikaihesabia karatasi sekunde sita zaidi,
kiganja changu juu ya uso, mwanga usiuzamishe.
Kwanza yakaja macho.
Kisha koo. Kisha ule mfuko, umekatwa vilevile.

Jumamosi iliyofuata Emojong alisema "Mh,"
akaisogeza dirishani, akasema tena "Mh."

Nikampelekea Othieno, kaka yangu, mwenye uso ule.
Akafuta vumbi ambalo halikuwa juu ya karatasi.
"Kumbe nimechoka hivi,"
akasema, akaniomba nimpige nyingine
akishaoga.