Mizani ya Mwaloni

Nyuma ya daftari la dagaa, kwenye kurasa asizozikagua mtu,
niliandika Januari, kwa kalamu ya risiti:
vitabu kumi na viwili. Vinne vya Kiswahili,
vinne vya Kiingereza, kamusi ikiwa magotini,
vitatu vya popote vitakakotokea,
kimoja cha Kisukuma, kama kipo.
Chini yake: shairi moja, mizani kumi na sita, lisiloyumba.
Chini zaidi, kwa herufi ndogo: barua kwa bibi.

Sasa ni Agosti. Mizani yangu ya chuma haijui uvivu.
Kila alfajiri hapa Kirumba naipangusa sahani,
nairudisha sindano kwenye sifuri, nasema haya, tuanze.
Apondi wa Muhuru anaulizia omena.
Nabintu wa Bukavu anataka ndakala.
Mganda mmoja mrefu ananung'unika, mukene imelowa.
Samaki ni yule yule, hafiki hata urefu wa kidole,
na gunia halipungui kilo kwa kuitwa jina jingine.

Nabintu aliniachia kitabu cha Kifaransa,
dhamana ya magunia mawili. Deni alilipa. Kitabu hakukidai.
Nimefika ukurasa wa kumi na tisa.
Najua mvua, najua mlango,
najua kwamba mwanamke fulani hamwandikii tena mtu fulani,
sijui kwa nini. Nangoja Jumanne,
aje na bei zake na vitenzi vyake.
"Weye unasoma hii yote?" alinicheka.
"Miye minafikiria ulisha kufunga karanga."

Apondi ananilipisha kinyume: kila gunia, neno moja la Kijaluo.
Nimefikisha arobaini. Mengi ni matusi.

Shairi ndilo linanikataa. Nahesabu silabi kwa vidole
huku nahesabu magunia, na mwezi huu mara mbili
nimeandika kilo nane ukwapi, kilo nane utao,
Bwana Lushinge akaniuliza huyo Utao ni mteja wa wapi.
Nilichopata ni hiki:

*Ziwa limetulizana, magunia yanalia,*
*sindano inagombana na uzito wa dunia,*

Mshororo wa tatu umegoma tangu Juni.

Lakini jasho hasa nimelitoa kwa Kisukuma.
Naota kwa Kisukuma, nafukuzia kuku kwa Kisukuma,
na sikuwahi kukiona kimekaa kitako kwenye karatasi
ila katika kitabu cha nyimbo cha mama, jalada limeliwa na mende.
Nikasema basi, hicho ndicho cha kumi na mbili.
Nikajifunza humo wapi h hujibanza nyuma ya b,
wapi ng' huvaa kishungi chake.

Barua ya ukurasa mmoja ikala usiku tatu.
Bibi Milembe hasomi. Nilijua.
Nikapiga simu Ngudu, binamu akamshikia sikioni,
nikaanza, polepole, kama mtu
anayeshuka majabali ya Bugando bila viatu.
Nilipomaliza, kimya. Mbuzi akalia mahali.
"Nani kaandika?"
Mimi, bibi.
"Lile neno la mvua, pale katikati, umesema kama Wadakama.
Sisi hatusemi hivyo. Kata. Soma tena."

Nikalikata pale pale, kwa hasira kidogo,
kalamu ikatoboa karatasi mpaka upande wa pili,
mpaka kwenye hesabu za Jumatatu:
kilo sitini na mbili zina tundu sasa,
na Lushinge ataliuliza.

Vitabu ni vitano, na kurasa kumi na tisa.
Imebaki miezi minne.
Nikasoma tena kama alivyoniagiza,
neno la mvua likiwa la kwetu,
na vocha ikaisha katikati ya wabeja.
Nusu yake ya pili ninayo bado, mdomoni.