Nusu Saa

Daktari Hilkka hakuniandikia vidonge siku ile.
Alichora kisanduku, akakichorea miale,
akasema: taa, asubuhi, nusu saa, kila siku,
usiikodolee macho, iweke kando ya bakuli la uji.
Nilicheka. Mimi, fundi vitasa wa Kajaani,
niliyefungua milango ya nusu ya mji
na funguo zangu mwenyewe nazikuta kwenye friji
ubavuni mwa siagi,
mimi nitulie nusu saa?
Anayezama anaambiwa: dawa yako, kwanza ogelea.

Miaka arobaini na sita nimebeba majina.
Mwalimu Lempi aliandika kwenye ripoti:
Veijo yupo darasani, ila hayupo.
Mama akaificha kwenye droo ya visu.
Mimi huwaka usiku:
saa saba nafumua mashine ya kahawa,
saa nane nakumbuka deni,
saa tisa naanza kujifunza Kireno.
Mji wote umelala chini ya theluji
na kichwani mwangu ni mnada, kila mtu anataja bei.
Kukicha, niulize jina langu. Nipe muda.

Taa ikaja kwa posta, bapa, nyeupe,
kama ukurasa ambao hakuna aliyethubutu kuuanza.
Desemba. Jua la huku huchomoza saa nne kasoro
na saa nane na kitu limeshaaga,
mgeni asiyevua hata koti.
Saa kumi na mbili na nusu nikabonyeza.
Jiko likawa jeupe, nikaliona vumbi la mwaka juzi.

Siku ya kwanza: dakika nne. Niliinuka kutafuta kalamu.
Ya pili niliisahau.
Ya tatu niliiwasha nikaenda kuoga,
ikamtibu paka.
Ya tano binti yangu Saimi aliketi mbele yangu,
akaweka kufuli bovu mezani.
"Litengeneze hapa hapa."
Hakuongeza. Ana miaka kumi na mitano, maneno huyapima kwa gramu.
Pini, springi, pini.
Nilipoinua macho
zilikuwa zimepita dakika thelathini na sita.

Sisemi nimepona. Juzi tu nimekosa kikao cha shule,
na yule Kireno nimemwacha kwenye salamu.
Lakini siku ya kumi na tisa, saa nne na nusu usiku,
nilipiga mwayo.
Mwayo! Nikakimbia kumwonyesha Saimi
kama mtu aliyeokota noti barabarani.
Akasema, "Baba, huo hauonyeshwi. Unalaliwa."

Leo nje bado ni masizi.
Ng'ambo ya uwanja, dirisha la Bi Kyllikki nalo ni jeupe;
sikujua. Miaka yote hii, sikujua.
Amenyanyua kijiko. Nami nanyanyua changu.
Uji unapoa.
Dakika ya kumi na moja.
Bado nimekaa.