Saa Tisa Mara Mbili

Darasa la kwanza, Tartu, Februari,
Maimu Rebane hakuwasha kompyuta.
Alibandika ubaoni karatasi moja, kingo zimepiga manjano,
programu aliyoiandika akiwa na miaka ishirini na mitatu,
akasema: Someni. Nionyesheni nilipokosea.

Tukasoma. Kaarel akasema mistari ni safi, haina doa.
Mimi nikauliza: hili jina, "t2", ni la nini?
"Hata mimi silijui tena," akajibu,
na hakucheka.

Ilikuwa ya pampu ya dawa, hospitali ya Võru.
Aliijaribu mara arobaini. Zote arobaini mchana.
Ila upo usiku mmoja wa Oktoba
ambao nchi nzima hurudisha saa nyuma:
saa tisa huja, hupita,
hukaribia kumi, hugeuka,
huja tena kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Pampu ni tiifu kuliko mbwa.
Iliambiwa: saa tisa, mpe. Ikampa.
Saa tisa, mpe.
Ikampa.

Muuguzi Leida alikuwa akifuma soksi kando ya taa.
Akasikia mota ikinguruma wakati usiopasa,
akautupa uzi, akauchomoa mrija kwa mkono.
Mgonjwa, Endel, fundi wa piano,
aliamka asubuhi akalalamikia uji.
"Yeye alipona," Maimu akasema. "Mimi sikulala."

Usipoziba ufa, ndiyo, twajua; lakini ufa huu
haukuwa ukutani. Ulikuwa ndani ya saa.

Kaarel akauliza ni mstari gani aliurekebisha.
Hakuugusa mstari. Kwanza alipanda basi,
akaketi na Leida zamu tatu za usiku,
akaandika daftarini kila alichofanya yule mama kwa mikono yake,
hata pale alipoisimamisha pampu ili amgeuze mgonjwa,
jambo ambalo hakuna karatasi iliyowahi kulitaja.
Kisha akaandika majaribio: ya usiku, ya siku zisizo kalendani.
Mwisho kabisa, msimbo.
"Mpangilio huo," akasema, "ndio somo. Mengine mtayapata vitabuni."

Akampa Kaarel chaki: hiyo "t2" ipeni jina.
Tukabishana hadi dirisha likaingia giza,
vijana kumi na saba na neno moja,
hakuna aliyegusa kibodi.
Nilidhani tumepoteza muda.

Juzi nimefungua programu ya mtu aliyekwisha kustaafu,
nikakuta kando ya mstari ameniandikia, mimi ambaye hanijui:
"Hapa saa huweza kurudi. Usifute."

Sikufuta.