Kazi ya Kuwapo

Dada yangu Zuena amekwenda kulala nyumba ya watu.
Ndivyo ninavyowajibu wateja wakiniuliza.
Si ugeni, si harusi, si matanga:
amepanda ndege mbili akalale sakafuni
katika kijiji cha mawe, kusini mwa Khalili,
ili tingatinga likija alfajiri
likute kichwa kimoja zaidi cha kuhesabu.

"Na mshahara?" aliuliza Bwana Msellem,
akingojea kufuli ya duka lake.
Nikacheka, tupa mkononi. Hakuna mshahara.
Kazi yenyewe ni kuwapo.

Kibanda changu kiko Mwembe Tayari,
kati ya muuza kahawa na fundi viatu.
Nakata funguo, nawafungulia waliojifungia nje.
Usiku simu ikilia huwa ni sauti yake,
nyuma yake mbuzi, na upepo usio na chumvi:
"Famau, leo wamekuja na karatasi.
Wameibandika kwenye tangi la maji.
Hajja Wadha haisomi lugha yake,
lakini rangi ya mhuri anaijua."

Hata mimi naijua.
Sisi wa Mombasa tumezaliwa na nyumba bila ardhi:
ukuta wako, paa lako, mnazi umeupanda wewe,
udongo ni wa jina usilowahi kuliona uso.
Nilikuwa na miaka tisa, kule Kisauni,
X nyekundu ilipochorwa ubavuni mwa dirisha.
Mama hakulia. Aliitisha bisibisi.
Wa kupiga kelele walipiga kelele;
yeye alifungua bawaba moja moja,
skrubu akazitia kwenye kikopo cha maziwa,
akaung'oa mlango, akajitwika,
na nyuma yetu ukuta ukaketi chini
kama mtu aliyesimamishwa mno.

Nilimwambia Zuena amsimulie yule bibi.
Hajja akacheka, kiganja mdomoni:
"Mwambie kakako, sisi tuna ufunguo, nyumba hakuna.
Nyinyi mna mlango, nyumba hakuna.
Tukikutana tutakosa ukuta tu."

Akanitumia picha ya ufunguo wa mamake:
chuma, mrefu kama kidole cha shahada,
meno matatu, la kati limelika.
Nami ni fundi, sina budi kusema kweli:
hauingii. Kitasa chetu ni cha dukani,
tundu lake halipitishi hata ncha.
Watu hupenda mambo yalingane.
Kisauni si Khalili.
Hapa hakuna mnara wa askari juu ya kilima,
hakuna anidaiye kibali nikachote maji.
Sitaki kumpokonya bibi wa watu msiba wake
nikautia kwenye kikopo chetu.

Hata hivyo jana, wateja walipopungua,
nilibana kipande cha chuma kwenye jiliwa
nikapiga tupa mpaka adhana ya alasiri.
Meno matatu. La kati nimelirudisha zima.
Sijui nitampa nani ampelekee.

Zuena atarudi mwezi wa saba, aende mwingine.
Wanapeana zamu kama watu wa kumkesha mgonjwa.
"Humponyi," aliniambia,
"lakini mauti huona haya mbele ya wengi."
Kila mara?
Akanyamaza. Mbuzi mmoja akalia.
"Mara nyingine."

Usiku huu ujumbe haujaja.
Majira haya saa zao na zetu ni moja,
kwa hiyo giza hili ndilo lile.
Nimetandika mkeka nyuma ya mlango wa mama,
simu kifuani, bisibisi chini ya mto,
nasikiliza
kana kwamba sikio nalo linahesabiwa.