Robo ya Tangi

Kaka yangu Emmett aliniachia gari-nyumba la mwaka themanini na saba,
jeupe zamani, sasa rangi ya jino la mvuta kiko,
limeegeshwa nyuma ya ghala la pekani, nje kidogo ya Deming,
na kikaratasi kimebandikwa kwenye usukani:
"Usiliuze. Wala usiliamini."

Miaka sita tangu tumzike, jenereta haijakohoa.
Nilibonyeza swichi kando ya jiko: tiki, tiki,
kama mtu anayetafuta neno kwenye ncha ya ulimi.
Nilitaka kubonyeza tena. Eusebio akanishika mkono.
"Bibi Kopecky, kwanza tumsikilize bubu."

Eusebio hutengeneza pampu za visima. Hana haraka na chuma.
Alitoa waya za betri kabla hajagusa kingine chochote,
akafungua kifuniko cha ubavuni, akamulika tochi, akacheka:
panya walikuwa wamejenga.
Sufi ya godoro, maganda ya pekani,
na nusu ya ramani ya Nebraska
iliyotafunwa mpaka kwetu, mpaka kwenye barabara ya kwetu.
Niliyatoa yote kwa glavu, kitambaa puani,
ramani nikaiweka kando.

Mpira wa mafuta ulivunjika kama mkate mkavu.
Petroli iliyosalia ilikuwa imegeuka gundi.
Kabureta tuliilaza kwenye dawa usiku kucha
ndani ya bakuli nililokuwa nikikandia unga
(sikandii tena humo, msiogope),
na asubuhi Eusebio akakielekeza kijibomba chake cha shaba juani:
"Ukiona mbingu, itapumua."
Niliiona. Ndogo kuliko mbegu ya ufuta.

Mpira mpya, plagi mpya, chujio,
oili ya rangi ya asali mahali pa ile lami.
Nikaenda kwenye swichi.
Akasema bado.

Alilala chali kwenye changarawe, chini ya bomba la moshi,
akaligonga kwa mpini wa bisibisi, pole pole, toka mwanzo:
ting, ting, ting, kisha pu.
Kutu. Tundu la kupitisha kidole,
chini kabisa ya mahali Emmett alipolaza kichwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini chawa walau huwasha;
hii gesi haina harufu, haina rangi,
haikuamshi kukuaga.

Daktari alisema ni moyo.
Nilikitazama king'ora cha gesi ukutani,
muda wake ulikwisha zamani, kabla hata Emmett hajakwisha.
Nilikaa ngazini. Eusebio akajifanya anatafuta spana namba kumi
iliyokuwa mkononi mwake.

Hatukuongea siku ile.
Kesho yake alikuja na bomba zima, refu, likapita ubavu wa gari;
nami nilikuwa nimenunua ving'ora viwili.
Nilivijaribu mpaka mbwa wa ghalani wakakimbia.

Jaribio la tatu, ikanguruma.
Taa ya mezani ikatetemeka, ikatulia.
Tuliipa kazi ya nusu kwanza, feni na birika,
tukanywa kahawa nje, upepo ukiupeleka moshi mbali nasi.
Wakati wa kulala naizima. Hiyo ni sheria, haina mjadala,
hata joto linune vipi.

Jioni moja ikazimika yenyewe.
Nilimpigia Eusebio simu, sauti imenikauka.
"Tangi lina kiasi gani?"
Robo.
"Basi si ugonjwa. Mrija wake haufiki chini.
Waliounda gari waliukata mfupi makusudi,
isije ikanywa mafuta ya kukurudisha nyumbani."

Nikakaa kwenye kiti cha Emmett,
nikazungusha ufunguo. Injini ikaitika.
Robo yote ile, miaka yote, haikuguswa.
Nikaifungua ramani juu ya magoti,
nikapitisha kidole kwenye tundu la panya,
nikaanza kukumbuka barabara.