Nimejifumania

Saa kumi na moja alfajiri, Mafinga.
Ukungu umelala barabarani
na malori ya mbao yanaupita kwa honi tu.
Nimekaa na jiko miguuni, simu mkononi,
kidole gumba juu ya kile kidebe cha taka,
na video ya arobaini na tatu inasubiri hukumu.

Arobaini na mbili zimeshakwenda.
Moja kwa sababu ya jogoo.
Moja kwa sababu ya kilemba.
Nyingine mwanga, nyingine shavu,
nyingine sikumbuki, nadhani ilikuwa nzuri.

Nafuma masweta. Kazi niliyotoka nayo Makete:
sindano mbili, na uzi ninaoufumua kwenye mitumba ya mnadani,
nauosha, nauanika, naufuma upya
mpaka hakuna awezaye kusema lilikuwa koti la nani.
Kufuma najua.
Kufumua ndiko nimezidi kujua.

Mwezi wa tano mtu wa Dodoma aliandika:
"Dada, lile la mtoto, la kijani, shilingi ngapi?"
Nilikaa na swali lake siku tatu
kama mgeni aliyekuja bila kuitwa,
kisha nikamjibu: Zimeisha.
Zimeisha! Na sanduku chini ya kitanda halifungiki,
ishirini na mawili, nimeyahesabu,
nimeweka jiwe juu ya kifuniko.

Wamesema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema nguo yenyewe kaifuma nani.

Basi niseme.
Darasa la nne mwalimu alinisimamisha, akaniambia: soma, reli.
Nikasoma: leli.
Soma tena. Leli.
Mpaka kengele ikalia, darasa zima limelalia madawati kwa kicheko.
Mwalimu yule alihama, sijui hata kama yu hai.
Kicheko ndicho nimekifuga mimi, miaka ishirini na sita nakilisha,
na kila nikitaka kusema rangi mbele ya simu
nakisikia kikijinyoosha.

Jana Lusungu, mtoto wa jirani, mshika simu wangu,
alikuja vidole vimekufa ganzi,
akachungulia ukurasa wa duka, akakuta patupu.
"Shangazi, zile zetu ziko wapi?"
Nikanyamaza.
Akaificha mikono kwapani.
"Kwani huwa nashikaga vibaya?"

Ana miaka tisa.
Nikaiona leli inavyotaka kuhamia kwake.

Kwa hiyo asubuhi hii hakuna mwizi mwingine chumbani.
Nimejifumania, gumba papo hapo juu ya kidebe,
sina wa kumsingizia, hata jogoo.

Nimeirusha.
Jogoo yumo. Kilemba kimekaa upande.
Dakika ya pili nasema langi, wazi kabisa,
"langi unayotaka wewe,"
na pale mwisho picha inatetemeka kidogo,
ni baridi, ni mkono wa Lusungu.

Hadi jua linatoka watu kumi na mmoja wameitazama,
watano ni ukoo.
Mmoja simjui, yuko Songea:
"Mnafikisha huku?"

Jiwe nimeliweka sakafuni.
Nimeandika: Tunafikisha.
Kisha nikaanza kuwaza nauli, lawama, kona za Lukumburu,
sweta likifika limebana,
na gumba likaanza kurudi, taratibu, kule linakokujua.

Nikalishikisha sindano.